Kitambaa cha Simu

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilinunua modemu ili kompyuta yetu hapo Kaloleni, mjini Voi, ipate intaneti kupitia laini ya simu. Jumamosi nzima ilinikatalia. Kila nilipojaribu, kompyuta iliniandikia kwamba laini haina mlio. Nikienda sebuleni, nikiinua mkono wa simu na kubonyeza kitufe kilicho chini yake, mlio upo, tena mkubwa. Naurudisha, nakimbilia kompyuta: hakuna mlio. Nilibadilisha waya, nikaifungua modemu kwa bisibisi, nikamlaani aliyeniuzia pamoja na duka lake.

Jioni mke wangu alirudi kutoka kazini amenuna.

"Nimekupigia tangu saa nne, simu iko bize. Ulikuwa unaongea na nani siku nzima?"

"Sijaongea na mtu."

Tuliigeukia simu pamoja. Mkono wa simu ulikuwa umelalia kitambaa kipya cha uzi mnene alichokifuma mke wangu wiki hiyo, kikauzuia kushuka hadi chini kubonyeza kitufe cha kukata laini.

Kitambaa kilikuwa chake. Lakini aliyekitandika upya kila baada ya kusikiliza mlio, akikinyoosha mpaka pembe, alikuwa ni mimi.