Mistari Miwili ya Mahindi

Asubuhi hiyo nilikuwa nyuma ya nyumba yetu, Handeni, nachuma majani ya kunde. Bustani ilikuwa hatua sita kwa nne: kunde, mchicha, maboga. Mume wangu, Mhina, alizoea kunitania kwamba nikijinyoosha nitaifunika yote. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza.

Wajerumani walikuwa wamekwisha kupita na kukomba ghala letu. Siku hiyo wakaingia Waingereza kwa njia ya Korogwe, wakafunga nyumbu wao wa mizigo uani kwetu. Kufika adhuhuri halikubaki jani.

Askari mmoja aliniona nimesimama na kikapu kitupu. Akacheka.

Nyumbu wale walilishwa mahindi makavu, na punje nyingine zilitoka nzima. Mama mkwe ndiye aliyeziona. Akachukua ungo, akapiga magoti kwenye kinyesi.

"Mama, wanatutazama," nikamwambia.

"Waache watazame. Inama, mwanangu."

Tuliziosha maji matatu. Nyingi tulizila, zilizobaki tukapanda mistari miwili. Sijapata kuona mahindi yakiota kwa nguvu vile. Kila jioni mama mkwe aliniita tukayatazame, tukachuchumaa pale, tukicheka kama wasichana.

Kisha Waingereza wakaanza kukamata wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Mhina akajificha porini. Kiangazi kilikuwa kikali. Miguu yangu ilivimba, mama mkwe alilala na homa, na kisima kilikuwa mbali. Mahindi yakaanza kunyauka yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Siku ya tatu tangu yaanze kunyauka, jua la utosi, Mhina akatokea na mtungi begani.

"Rudi," nikamwambia. "Mhina, rudi."

"Bado mstari mmoja."

Alikuwa ameinama, anamimina.

Hakuwasikia.

Walikuwa askari watatu. Mmoja aliupokea mtungi kutoka mikononi mwa Mhina, akauweka chini taratibu. Wakamtia kamba shingoni.

Jirani aliyerudi kutoka kusini alituambia Mhina alikufa kwa kuhara, kando ya njia, na msafara haukusimama.

Mahindi yalikomaa. Nilipata maziwa, na mtoto akaishi. Leo ni mtu mzima. Mama mkwe hakunilaumu hata siku moja.

Watu husema Mhina alikufa kwa ajili ya mistari miwili ya mahindi. Ni kweli. Nami niliyala nikijua hivyo, na yalikuwa matamu. Hilo sikuweza kumwambia mama yake mpaka naye akafa, tukamzika.