Mkono Nilioukalia

Shangazi yangu wa Bukene alipoanza kutetemeka mkono, hakuna aliyesema anaumwa. Wazee walisema mizimu inamtaka, wakamvisha shanga nyeupe na kumpa jina la babu yake. Hospitali hakupelekwa hata siku moja. Alikakamaa taratibu, uso ukaganda, mpaka akashindwa kumeza uji. Tulipomzika, shanga zilivuliwa zikatunzwa.

Mwaka huu kidole gumba changu cha mkono wa kulia kimeanza kucheza chenyewe. Nikishika kikombe kinatulia, nikiupumzisha mkono kinaanza tena. Nilivumilia wiki mbili, kisha hofu ikanitoa nyumbani Gongoni hadi hospitali. Hata huko nilijifanya nimekuja kupima presha.

"Daktari," nikauliza kama mtu anayepiga soga tu, "ule ugonjwa wa kutetemeka mikono mnauona sana hapa?"

"Huo wanauugua zaidi Wazungu," akasema. "Huku kwetu ni nadra. Kwani kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa nao?"

"Hakuna."

Mkono wa kulia nilikuwa nimeukalia. Nadra! Utaachaje kuwa nadra, ikiwa kina shangazi hawafiki kwake, na mimi niliyefika nimemdanganya?

Nilirudi nyumbani nikamkuta dada yangu uani. Zaidi ya kwenda kupima presha, sikuwa nimemwambia lolote. Hakuniuliza presha inasemaje. Alikuwa ameziosha shanga za shangazi, ameziweka kwenye ungo juani, zikauke.