Kompyuta Iliyowaka Upesi Mno

Fundi wa kompyuta alisema mpaka mate yakamkauka kwamba mashine ndogo haibebi mfumo mzito. Kilaptopu cha shangazi yake, kidogo kama daftari na chenye nguvu kiduchu, alikiwekea mfumo mwepesi, kikawa kinawaka kabla hujakaa vizuri kitini. Kesho yake shangazi akamwita nyumbani, kanuna.

"Mwanangu, mimi ni katibu muhtasi mwaka wa ishirini huu. Nataka mfumo uleule wa ofisini, na programu zake zote."

"Shangazi, kitazidiwa hiki! Huko ni kumtwika paka gunia."

"Wewe weka."

Akaweka, huku anasonya. Shangazi akabonyeza kitufe. Kilaptopu kikaunguruma, kikapata moto, na kiduara kikazunguka kwenye kioo mpaka fundi akaona kizunguzungu. Shangazi akaenda uani kuanika nguo beseni zima, akarudi, kiduara bado kinazunguka. Fundi akakunja mikono, akingoja kuombwa radhi.

Shangazi akakipapasa kilaptopu, uso umekunjuka.

"Sasa hii ndiyo kompyuta," akasema. "Ile yako ilikuwa inawaka upesi mno, nikajua tu haina kitu ndani."