Mappa ya Mama

Kila nikipita Ngombezi nikanusa mkonge mbichi, miguu yangu hutaka kukimbia. Baba, aliyesoma Kilatini seminari kabla ya kuoa, alitutengenezea kigari cha milingoti ya mkonge tushindane na watoto wa jirani kama Warumi wa kale. Sisi wakubwa tulikuwa farasi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa auriga, yaani dereva. Nguzo ya kuzungukia iliitwa meta, na kitambaa cha kuanzishia mbio, mappa.

Siku hiyo Baba aliinua kanga mpya ya Mama.

"Mappa! Mappa!" tulishangilia.

Mama akatoka jikoni na mwiko. "Mappa gani? Hiyo si kanga yangu ya kwendea harusini?"

Tukanywea. Akampokonya Baba, akaikung'uta, akatutazama. Kisha akaiinua juu.

"Haya, farasi. Mkishindwa na hao, msirudi kula."

Kabla kanga haijagusa vumbi, tulishafika meta.