Binti Aliyeshika Kasia

Amondi alivikuta vile vitabu sokoni Makoroboi, vimemwagwa juu ya turubai, vikiuzwa kwa kilo kwa wafunga karanga. Maduka ya vitabu yalikuwa yakifa moja moja, na miaka ile ya soko huria kila kitu mjini kiliuzwa, hata utoto wa watu. Alivitambua kwa majalada: vinne, visa vya Watoto wa Rasi, waliowasaka wezi wa nyavu kisiwa hadi kisiwa. Baba yake, mzee Odoyo, alikuwa akiviazima kwenye darasa la kisomo cha watu wazima na kumsomea kila jioni, kabla hajaanza shule.

Alivibeba vyote, maana alihitaji kutiwa moyo. Viwanda vya minofu vilikuwa vinagombea sangara, naye, mchuuzi wa samaki Igoma miaka nenda rudi, alitaka awe na mtumbwi wake na aingie nao ziwani mwenyewe. Fundi wa mitumbwi wa Igombe alikuwa nao mmoja tayari. Lakini wavuvi walimwambia wazi kwamba mwanamke akikanyaga mtumbwi samaki wanahama. Ndipo akamkumbuka Akoth, binti wa vitabuni, aliyeshika kasia dhoruba ilipowashinda wavulana. Tangu utotoni alitaka kuwa yule.

Akasoma vyote vinne. Akoth hakuwemo! Alikuwemo Zainabu mmoja, ambaye kila kisa alibaki ufukweni akiwasongea ugali mashujaa. Amondi alikasirika, kisha akaona haya: mtu mzima na akili zake, kumbe alikuwa anaegemea hewa. Akamtumia fundi salamu kwamba atafute mnunuzi mwingine.

Jumapili akaenda Buswelu kwa baba yake, vitabu mkononi.

"Shikamoo, baba. Akoth yuko wapi humu?"

"Marahaba." Mzee alivipokea. "Mwanangu, mimi kusoma sikuwahi kuweza. Kule kisomo nilikaa nyuma, naitikia wenzangu wakiitikia. Kwako nilikuwa natazama picha, naongezea ya kwangu. Hilo jina ni la mama yangu." Akafunua, akaweka kidole juu ya picha. "Huyu hapa. Si ameshika kasia?"

Amondi akainama kutazama. Ulikuwa mwiko wa ugali, umechorwa vibaya, mrefu kupita kiasi. Lakini mtu aliyekulia mtumbwini angeona nini kingine? Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akamweleza ule ni nini, na kwamba ule mtumbwi wa Igombe ameshauacha.

Mzee hakucheka. Naye siku zake zote za uvuvi hakuwahi kumruhusu mwanamke kukanyaga mtumbwi wake, hata mke wake.

"Mwiko?" akasema taratibu. "Mimi nilimwona mvuvi."

Akainuka, akatafuta kofia yake.

"Twende kwa fundi kabla hajauza. Siku ya kwanza ziwani mimi nitakaa mbele, wewe utakaa nyuma, uuongoze. Mwenye neno aje aniambie mimi."