Mzee Aliyewatangulia Waigizaji

Sijui Kitamil hata cha kuombea maji, lakini kuna sinema moja ya Kitamil ninayoijua pengine kushinda walioicheza. Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya kuchekesha. Baba mmoja, posta-masta mstaafu, amewaahidi vijana watatu binti yake mmoja, na wote watatu wanatokea siku moja. Mpishi anaanza kuwaficha: wa kwanza stoo, wa pili bafuni, wa tatu ndani ya kabati la nguo na sinia la peremende mkononi. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Kamera haitoki sebuleni, kwa sababu kabla ya kuwa sinema ulikuwa mchezo wa jukwaani, na waliouhamisha hawakujisumbua hata kubadilisha milango. Niliitazama siku tano kwa wiki, karibu mwaka mzima, huko Euless, Texas, jirani na uwanja wa ndege, ndege zikipita juu ya paa mpaka vijiko vinalia kabatini.

Nilikuwa namtunza mzee mmoja Mtamil. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa na cheti changu kidogo cha uuguzi msaidizi na ndoto kubwa ya kuwa nesi kamili. Mzee aliishi na binti yake, mhandisi, mwanamke wa maneno machache na viatu vinavyolia sakafuni. Nilimwita Madam. Baba yake nilimwita Mzee, na alipojua maana yake alifurahi sana, akasema huko kwao Madras hakuna aliyewahi kumpa cheo.

Enzi za ujana wake, mchana Mzee alikuwa karani wa reli. Jioni alikuwa na kikundi cha michezo ya kuigiza. Hakuigiza. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya pazia na daftari lenye maneno yote, akimnong'onezea mwigizaji neno linalofuata kabla hajalisahau. Kabla, si baada. Hilo alinieleza kwa kidole, kama mwalimu. Ukingoja mtu asahau, umechelewa, watu wameshaona. Mchezo ulipogeuzwa sinema, waigizaji walichukuliwa wote, na mpishi wa kwenye mchezo akawa maarufu nchi nzima. Mzee aliambiwa asante. Sinema haihitaji mtu wa kunong'oneza, wakikosea wanarudia.

Mbona alikuwa na kinyongo! Miaka arobaini baadaye, kwenye kochi la Texas, bado alikuwa akiwanong'onezea. Kila mstari aliutanguliza. Midomo inatikisika, sauti ndogo inatoka, kisha yule mtu kwenye televisheni anautoa kwa sauti kubwa, naye Mzee anatikisa kichwa: haya, umekumbuka. Mwanzoni nilidhani anasali. Baadaye nikazoea, nikawa najua kila mahali anapovuta pumzi.

Na mimi niliitumia ile sinema kama saa ya ukutani. Saa nne na dakika tano nampa vidonge, natia sahihi kwenye karatasi ya dawa, nasukuma kanda ndani ya deki. Mchumba wa pili akigonga mlango, mimi nateleka wali. Hiyo ni saa tano kasoro robo, haipungui haizidi. Dakika saba baadaye mchumba wa tatu anafungiwa kabatini.

Sasa, wiki ile kulikuwa na ugomvi. Madam alikuwa amepata kazi Houston, anakwenda na kurudi, na alitaka kumpeleka baba yake huko kwenye makao ya wazee. Mzee hakutaka hata kusikia. Siku moja Madam akiwa huko Houston alipiga simu saa mbili asubuhi. Nilikuwa ndio nimeingia, nikasikia Mzee akijibu neno moja moja. Mm. Eh. Haya. Halafu akampa kimya mpaka binti akakata. Aliweka simu chini, akanikonyeza, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Mwache akae na hiyo." Kununa gani huko! Mzee wa miaka themanini ananuna kama bi harusi.

Vidonge, sahihi, kanda. Alinong'oneza maneno ya posta-masta, ya mpishi, na ya binti wa watu kwa sauti nyembamba, yote mbele ya wakati, mimi nikiwa jikoni nasikia. Nikateleka wali. Nikarudi na chai yake wakati yule wa tatu anasukumwa kabatini.

Yule wa kabatini akaongea kwanza. Mzee akafuata.

Nilisimama na kikombe. Mstari wa pili, vilevile: televisheni mbele, Mzee nyuma. Mstari wa tatu hakuusema kabisa. Kisha akasema mstari wa mwanzoni kabisa wa sinema, ule wa posta-masta akisoma barua.

Nilimwambia, kama tulivyofundishwa kupima kiharusi, "Mzee, nyanyua mikono." Akanyanyua yote miwili. Ule wa kulia ulishuka kidogo kabla ya mwenzake, au labda niliona vibaya. "Tabasamu." Akatabasamu, akaniuliza kama nina wazimu. Maneno yalitoka mazito kidogo. Lakini ana miaka themanini, na amelala vibaya, na ana hasira. Mtu hujiambia mambo mengi akiwa na hofu.

Hofu yangu ilikuwa na sababu. Miezi miwili kabla, Mzee alishika kifua akalia, nami nikaita ambulensi. Kumbe ni gesi. Alikuwa amekula achari ya ndimu nusu chupa. Madam aliitwa kutoka mkutanoni, majirani wakatoka nje, na msimamizi wangu, nesi Mkenya mwenzangu tuliyesali naye kanisa moja, akanivuta kando baada ya ibada. "Dada yangu," akasema, "haraka haraka haina baraka. Kuanzia leo unanipigia mimi kwanza, mimi ndiye ninaamua. Ukirudia, usinilaumu." Na huyohuyo ndiye aliyetakiwa kuniandikia barua ya kuingia shule ya unesi. Nilikuwa nimeshamwomba, alikuwa amesema anaifikiria.

Kwa hiyo nilimpigia yeye kwanza. Simu ikaita mpaka ikaniambia niache ujumbe. Nikaacha. Nikangoja. Nikapiga tena. Nikazima wali. Nikamwuliza Mzee maswali ya kipuuzi, leo siku gani, huyu mpishi anaitwaje, na alijibu mengine vizuri na mengine hivi hivi. Nikapiga mara ya tatu. Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo, lakini hawakusema tumbo la nani. Nilikaa pembeni yake nimekumbatia simu, nikaomba Mungu ipokelewe. Sikuomba apone. Naona haya kusema, lakini niliomba simu ipokelewe.

Mara ya nne nilipokuwa napiga, Mzee alinyoosha mkono achukue kikombe, na mkono ukapita pembeni ya kikombe kana kwamba hakipo. Nikakata simu ya msimamizi, nikaita ambulensi. Ilikuwa saa tano na nusu.

Hospitali tulifika saa sita. Walimchukua mbio kumpiga picha ya kichwa. Kiharusi, wakasema, damu imeganda kwenye mshipa, haijapasuka. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Akanieleza kwamba kuna dawa ya kuyeyusha ile damu, lakini lazima itolewe ndani ya saa tatu tangu kiharusi kianze. Ikichelewa inaweza kumtoa damu kichwani akafa. "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?"

Kabla sijafungua kinywa, nesi akaja na simu. Walikuwa wamempata Madam Houston. Daktari akaiweka ile simu mezani kwa sauti ya kusikika na wote.

"Alikuwa na shida tangu asubuhi," Madam akasema. "Nilimpigia saa mbili, hakuweza kujibu. Neno moja moja tu."

Daktari akatazama ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini. "Basi muda umepita," akasema, na akaanza kuandika.

Mimi ni nani? Msaidizi. Yule ni mtoto wake wa kumzaa, tena ni mteja. Kwetu mtu hamkatizi mwenye baba yake. Lakini kalamu ilikuwa inatembea.

"Madam," nikasema, "samahani. Asubuhi hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekununia."

"Unasema nini?" Madam akauliza.

"Alinuna kwa sababu ya Houston. Ulipokata simu alinikonyeza. Kisha akatazama sinema yake, na alikuwa mzima mpaka saa tano kasoro dakika nane."

Daktari akaacha kuandika. Akaniuliza nimejuaje dakika. Nikamweleza, na nilijisikia mjinga kila neno: sahihi ya vidonge, kanda, wali, kabati, na kwamba mzee huyu huwa mbele ya waigizaji, na leo hapo kabatini alikuwa nyuma. Alinitazama kama mtu anayesikiliza habari za mganga.

"Hiyo ni sinema tu!" Madam alipiga kelele. "Mimi namjua baba yangu!"

"Umewahi kukaa ukaitazama naye?" Niliuliza hivyo, haki ya Mungu, mimi mwenye kutafuta barua. Hasira ilikuwa imenitangulia.

Madam akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Tuligombana jana. Ni kweli. Hununa hivyo." Kisha, "Karatasi ya dawa ina sahihi?" Nilikuwa nayo, niliikunja mfukoni. Daktari akaisoma. Saa nne na dakika tano.

"Na ulituita saa ngapi?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa nimejifunga mwenyewe. Ningeweza tangu mwanzo kusema niliona dalili saa tano na robo, saa tano na dakika ishirini. Hakuna ambaye angejua. Lakini ile dawa inaua ukidanganya saa.

"Saa tano na nusu."

"Dakika thelathini na nane," Madam akasema kutoka Houston. Yeye ni mhandisi, hesabu haimchukui muda. "Ulikuwa unafanya nini dakika thelathini na nane?"

"Nilikuwa nangoja simu ya msimamizi."

Daktari alichukua simu, wakazungumza wawili, akatoka mbio. Mzee alipewa dawa.

Hakufa. Baada ya siku mbili mkono ulirudi, mguu ukarudi. Maneno ndiyo hayakurudi yote. Alikuwa akifungua mdomo, unamwona anajua anachotaka, halafu kinatoka kitu kingine, naye anasikia kwamba sicho, anapiga ngumi godoro. Daktari alisema dawa ilimwokoa. Alisema pia, kwa upole, kwamba kwenye ubongo kila dakika ina thamani yake.

Madam alinikuta kwenye korido. Alikuwa ameendesha gari kutoka Houston bila kusimama, na alikuwa ametoka kuongea na madaktari. Alinikumbatia. Nilishtuka, sikujua niweke mikono wapi. Alisema, "Bila wewe angekuwa amekufa, au mbaya zaidi." Halafu akarudi nyuma hatua moja, akafuta uso. "Lakini zile dakika nikikuona naziona. Usirudi nyumbani, tafadhali."

Nikampa ufunguo. Sikumlaumu, na hadi leo simlaumu. Nilikwenda kukaa ndani ya gari nikalia kama mtoto.

Msimamizi wangu alikuwa kwenye mafunzo siku ile, simu ndani ya mkoba, mkoba ndani ya gari. Hakunifukuza. Alinihamishia kwa mama mmoja Cedar Hill, na wiki ileile akaniandikia ile barua. Ilikuwa nzuri kweli. Nilisoma aya ya pili mara kadhaa, iliposema kwamba hata katika dharura ninafuata utaratibu na kungoja maelekezo ya walio juu yangu.

Niliikunja, nikaipeleka shuleni, na wakanichukua.