Udongo Mwekundu Kwenye Amerikani ya Bibi Zuhura

Jamani, chekeni kabisa sasa hivi kabla sijaanza, maana aibu niliyoipata dukani kwa Bibi Zuhura, pale Dodoma karibu na stesheni, hata leo nikiikumbuka najifunika uso kwa upande wa nguo, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli haina siku nyingi tangu ifike. Mimi na wanangu tumejibanza kwa shoga yangu Mbeleje, na kaka yangu keshatuma neno, nisipopata kazi kabla ya mvua nirudi kwetu Zuzu nikalime. Kulima sikuogopa (nimelima tangu nina meno ya utoto), nilichoogopa ni kuliacha darasa la jioni la misheni, kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa naanza kuunganisha maneno, na nilimwahidi Mungu nitaisoma Injili kwa macho yangu mwenyewe kabla hayajaingia kiwi.

Basi nikasikia Bibi Zuhura, mtu wa Kondoa, muuza nguo, anatafuta mwanamke wa kumsaidia kuuza, ajuaye Kigogo. Moyo ukanirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba!

Asubuhi ile Mbeleje akanitazama juu mpaka chini. "We Mama Elia, ndivyo unavyokwenda mbele za watu? Umepauka kama umelala jivuni."

Akaniletea kibuyu chake cha udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya nyonyo, ule tunaojipaka sisi Wagogo siku za ngoma. Mwalimu wa misheni alishatukataza, lakini nikajiambia wateja ni Wagogo wenzangu, wakiniona ninang'aa watanikimbilia. Nikaomba kwanza. Ila kusema kweli sikungoja jibu. Nikajipaka kidogo mikononi, kidogo mabegani, halafu nikaona si kidogo tena, nikamalizia kibuyu.

Dukani mlikuwa na kigiza, Bibi Zuhura akaona mng'aro tu. "Mashaallah, umependeza. Unajua kupima?"

"Najua, Bibi!"

Muda huohuo akaingia Bi Mwanaisha, mke wa askari, mwanamke wa maringo, mwili mzima nguo nyeupe pe, anataka amerikani, kitambaa cheupe cha pamba, amshonee mumewe kanzu. Barazani walikaa kina mama wawili wa Kigogo wakichagua shanga, nikawapigia salamu yetu, "Mbukwenyi!" kwa sauti mpaka wakaacha shanga wanitazame mimi. Bibi Zuhura akasema, "Haya, mpimie Bi Mwanaisha mikono minane, nikuone."

Basi mnajua mkono unavyopimwa, kisugudi hapa, ncha ya kidole cha kati pale, unalaza mkono mzima juu ya kitambaa. Nikalaza, nikasogeza, nikalaza, nahesabu kwa sauti kama naimba kanisani, uso nimeuinua kwa furaha, sitazami chini hata mara moja, na bati la juu linachemka na jasho linanitiririka na mafuta yanayeyuka. Nikafika "Nane!"

Nikatazama. Mikono minane myekundu imelala kwenye ile amerikani, mmoja nyuma ya mwenzake, utadhani ng'ombe wanakwenda kisimani.

"Yarabi!" akasema Bibi Zuhura.

Ningenyamaza hapo labda yangeisha, lakini mimi nikarudi nyuma kwa aibu nikaegemea robota lote la nguo nyeupe (mgongo na makalio, yote yakajichapa), nikaruka kuomba radhi, nikamkumbatia Bi Mwanaisha!

"Niachie, mwanamke! Niachie!"

Nikamwachia. Akatoka mbio, na mgongoni viganja vyangu viwili, vidole vyote vimehesabika, sokoni kote wanamwona, yeye tu ndiye hajioni.

Wale kina mama walicheka mpaka shanga zikamwagika. Mimi machozi yananilenga, naiona Zuzu hiyo, jembe hilo. Nikasema moyoni, Bwana, kama ni kufukuzwa nifukuzwe, lakini sitoki kabla sijauza. Nikaishika ile amerikani nikawageukia kwa Kigogo chetu, "Mama zangu, mnacheka nini? Mkiinunua nyeupe, si mnakwenda kuipaka udongo wenyewe? Hii nimeshawaanzia!"

Mkubwa wao akaipapasa, akaninusa na mimi. "Udongo mzuri huu. Umeupata wapi?" Akaichukua yote. Mwenziwe akataka ile yenye makalio.

Bibi Zuhura akanigeukia, midomo inamcheza kwa kicheko anachokizuia. "Kesho uje mapema, Mama Elia. Lakini uje mkavu."

Jioni nilikwenda darasani nimesuguliwa kwa mchanga mpaka ngozi inawaka. Bi Mwanaisha akipita dukani mpaka leo mimi huinama nyuma ya marobota kama natafuta sindano. Na tangu siku hiyo nikiomba jambo, nakaa chini kwanza, mikono mapajani, nangoja nijibiwe.